Bustani ya dirishani: jua letu si jua la New York

Karibu kila mwongozo wa kilimo cha dirishani unaanza na agizo lile lile: chagua dirisha linalotazama kusini. Agizo hilo limeandikwa na watu wa London, Toronto na New York, na kwao ni la kweli. Mkazi wa ghorofa la Upanga au Kariakoo, Dar es Salaam, akilifuata, atakuwa amepoteza mbegu.

Hesabu yake ni nyepesi na inafaa ifanywe kabla ya kununua chochote. New York iko nyuzi 41 hivi kaskazini mwa ikweta. Mwezi Desemba jua la saa sita mchana huko halipandi zaidi ya nyuzi 26 juu ya upeo wa macho. Linakaa chini, upande wa kusini, na kuingia ndani kama jirani anayechungulia: dirisha lenye kimo cha mita 1.2 linaruhusu mwale ufike mita 2 na nusu sebuleni. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Desemba hiyo hiyo, jua letu la adhuhuri liko nyuzi 73, karibu na utosi. Dirisha la kusini la kimo kile kile linapata mwale wa sentimita 36 tu, na kama juu yake kuna ukingo wa zege au kibaraza cha ghorofa ya juu, halipati kitu.

Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi kama tarehe 10 Oktoba, jua la mchana la Dar es Salaam linakuwa upande wa kaskazini. Mwezi Juni linashuka mpaka nyuzi 60, na dirisha la kaskazini linapata mwale wa sentimita 70. Si haba, na bahati nzuri huo ndio msimu wa kipupwe, wakati mboga laini zinapopumua. Nairobi, iliyo karibu kabisa na ikweta, imegawana mwaka nusu kwa nusu: kaskazini kutoka katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba, kusini miezi iliyobaki. Kote huku dirisha linalotegemewa mwaka mzima ni la mashariki. Jua la asubuhi linaingia likiwa bado limeinama, linamulika majani kwa saa tatu au nne, kisha linaondoka kabla joto halijawa la kuchemsha maji kwenye chupa. Dirisha la magharibi nalo linapata mwanga mwingi, ila unakuja alasiri, nyumba ikiwa imekwisha kupata moto.

Ndugu zetu walioko Ulaya na Amerika ya Kaskazini wao waufuate mwongozo kama ulivyo.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba jicho ni mwongo. Jua kali la mchana uwanjani linafika laksi 100,000; ofisi iliyowashwa taa vizuri ina laksi 300 hadi 500. Jicho linajirekebisha hata tofauti hiyo ya mara mia mbili isionekane, na mtu anaapa kwamba chumba chake "kina mwanga wa kutosha". Mmea haujirekebishi hivyo. Ongeza vioo vya rangi vya madirisha ya alumini, ongeza wavu wa mbu, ongeza pazia, na kilichobaki ni kidogo sana. Kipimo cha bure ni mkono wako: uweke mbele ya dirisha mchana. Ukiona kivuli chenye kingo kali, hapo mboga zitaota. Ukiona kivuli cha ukungu, panda nanaa na usitarajie makubwa. Kama hakuna kivuli, weka picha ya familia.

Mtindo wa kutundika chupa za mboga dirishani ulipata umaarufu wake Brooklyn, New York, mwaka 2009. Britta Riley na mwenzake Rebecca Bray walichukua chupa za plastiki zilizotumika, wakazipanga moja juu ya nyingine kwenye dirisha, wakaziunganisha na pampu ndogo ya hewa ya aina inayotumika kwenye matangi ya samaki. Viputo vya hewa vinasukuma maji ndani ya mrija mwembamba mpaka juu, maji yanadondoka kutoka chupa hadi chupa yakilowesha mizizi, kisha yanarudi chini. Mradi waliuita Windowfarms, wakatoa michoro bure kwa yeyote aliyetaka kujaribu, na maelfu ya watu katika nchi nyingi wakawa wanajenga, wanarekebisha na kupeana habari. Riley mwenyewe alieleza hadharani kwamba mitambo ya mwanzo ilivuja, ilipiga kelele na kula umeme, na kwamba dirisha zima lilimpa kiasi cha bakuli moja la saladi kwa wiki.

Bakuli moja kwa wiki. Nashika takwimu hiyo kwa sababu imetoka kwa mtu aliyelipenda jambo lenyewe kuliko wote, na kwa sababu wauzaji wa vifaa hawaitaji kamwe.

Elimu ya kukuza mmea bila udongo, iliyo nyuma ya mtindo huo, ni ya zamani zaidi. Wajerumani Julius Sachs na Wilhelm Knop walionyesha katika miaka ya 1860 kwamba mmea unaweza kukua mpaka kuzaa mbegu ukiwa umesimama ndani ya maji yenye chumvi chache tu zilizopimwa: kalsiamu, potasiamu, magnesiamu, naitrojeni, fosforasi, salfa na chembe ya chuma. Udongo kwa mmea ni ghala na nguzo. Vikipatikana kwa njia nyingine, mmea haulalamiki. Katika miaka ya 1930 William Gericke wa Chuo Kikuu cha California alipanda nyanya kwenye matangi ya maji, zikapanda juu hata kuchumwa kwa ngazi, na magazeti ya Marekani yakatangaza kwamba mashamba yamekwisha kazi. Wenzake wa chuo hicho hicho, Dennis Hoagland na Daniel Arnon, wakapima kwa utulivu na mwaka 1938 wakaandika kuwa mavuno ya majini hayazidi ya udongo mzuri. Fomula yao ya maji ya mbolea inatumika maabara hadi leo. Tahadhari yao haikupata wasomaji wengi.

Basi pampu ya Brooklyn tuifanyeje? Kwa maoni yangu, tuiache huko. Pampu inataka umeme saa zote, na mmea uliozoeshwa kunyweshwa na pampu hauna akiba: mizizi iliyo hewani ikikosa maji mchana mmoja wa joto la kaskazi, jioni majani yamelala. Anayeishi na Luku, mita ya umeme wa kulipia kabla, anajua umeme unavyoondoka bila kuaga.

Dawa yake ilipatikana Hawaii, kwa Bernard Kratky, mtaalamu wa mboga wa chuo kikuu cha huko, ambaye alieneza njia isiyo na pampu, waya wala bomba. Chombo kinajazwa maji ya mbolea. Mche unakaa kwenye kikombe chenye matundu mdomoni mwa chombo, ncha ya kikombe ikigusa maji kidogo tu. Mmea unavyokunywa, maji yanashuka, na juu yake kunabaki nafasi ya hewa yenye unyevu. Mizizi inagawana kazi: ya chini inakunywa, ya juu inaota vinyweleo na kupumua. Ukivuna, maji yamekaribia kwisha.

Uzuri wa njia hii ndio mtego wake. Mtu anaona maji yameshuka, anaingiwa na huruma, anajaza chombo mpaka juu. Mizizi ya kupumua inazama, na siku chache baadaye mmea unanyauka ukiwa ndani ya maji. Kwa saladi, chombo cha lita 4 hivi kinatosha kuanzia mche hadi sahani bila kuongeza hata tone. Kwa mimea ya kuchumwa mara kwa mara, kama mrehani, ongeza, lakini usivuke nusu ya chombo.

Joto ndilo adui wa pili wa mizizi. Maji ya nyuzi joto 20 yanashika oksijeni kiasi cha miligramu 9 kwa lita. Yakifika nyuzi 30 yanashika kama 7 na nusu, na hapo ndipo kuvu wa kuozesha mizizi wanapostawi. Mizizi mizima ni myeupe. Ya kahawia yenye utelezi na harufu imekwisha. Kwa hiyo chupa ifungwe karatasi au plastiki nyeusi ili mwanga usiingie na kuotesha mwani, kisha juu yake iwekwe karatasi ya fedha ya jikoni au ipakwe rangi nyeupe ili isishike joto. Nyeusi peke yake kwenye dirisha la Tanga au Mombasa ni jiko.

Tufike kwenye mbolea, maana hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Mtu anakwenda duka la pembejeo, anarudi na kilo ya Urea au DAP, anakoroga kijiko kwenye ndoo na kungoja. Shambani Urea inafanya kazi kwa sababu udongo una bakteria wanaoigeuza kuwa amonia na kisha naitreti, chakula ambacho mizizi inakipenda. Kwenye chupa safi ya maji bakteria hao ni wachache mno. DAP inaleta amonia na fosforasi bila kalsiamu, potasiamu wala magnesiamu. CAN nayo si kalsiamu naitreti, ingawa majina yanafanana: ina amonia nyingi na unga wa chokaa unaotuama chini ya chombo. Kinachotakiwa ni mbolea zinazoyeyuka kabisa, za aina wanazotumia wakulima wa maua na nyanya za kwenye nyumba za plastiki: kalsiamu naitreti kwenye mfuko wake, na mchanganyiko wa NPK wenye madini madogomadogo kwenye mfuko mwingine. Magnesiamu salfeti, ile chumvi ya Epsom, inapatikana hata kwenye maduka ya dawa.

Mifuko ni miwili kwa sababu maalumu. Kalsiamu ikikutana na fosfeti au salfeti zikiwa nzito, zinashikana na kuwa unga mweupe usioyeyuka, ambao mmea hauwezi kuula. Yeyusha kila moja peke yake kwenye maji mengi, ndipo uzichanganye. Kwa mboga za majani, chumvi zote pamoja ni gramu moja hadi mbili kwa lita, kipimo ambacho mizani ya duka haisomi. Tafuta kimizani kidogo cha sonara. Mwenye kipima EC, yaani kiasi cha chumvi majini, atafute kati ya 1.2 na 1.8, na pH, yaani uchachu wa maji, kati ya 5.5 na 6.5. Asiye navyo aanze na nusu ya kiasi kilichoandikwa kwenye mfuko, maana mmea wenye njaa unatibika na uliounguzwa na chumvi hautibiki. Maji ya kisima ya mwambao, mengi yakiwa na chumvi tayari, hayafai. Maji ya mvua ni mazuri kuliko yote.

Majani yenyewe yatasema kilichopungua. Majani ya chini, yale mazee, yakipauka yote, naitrojeni imepungua. Majani machanga ya juu yakiwa manjano huku mishipa ikibaki kijani, ni chuma, na mara nyingi chuma kimo ila pH imepanda na kukifungia.

Kuna jambo ambalo miongozo ya Ulaya haina sababu ya kulitaja na sisi hatuna ruhusa ya kulisahau: mbu. Aedes aegypti, anayeeneza homa ya dengi, hapendi mtaro mchafu. Anataga kwenye maji safi yaliyotulia karibu na watu: ndoo, matairi, sahani za vyungu vya maua. Anauma mchana, kwa hiyo chandarua cha kitandani hakisaidii. Dar es Salaam ilipatwa na milipuko ya dengi mwaka 2014 na tena 2019. Katika joto letu yai linakuwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10, na chupa ya Kratky inakaa wiki tano au sita bila kuguswa. Ukiiacha wazi, unafuga. Kila uwazi mdomoni mwa chupa uzibwe kwa sponji iliyobana mche, na kama chombo ni ndoo, mfuniko wake uwe na tundu la mche tu. Baada ya kuvuna, sugua kuta za ndani kwa brashi, kwa sababu mayai hubandikwa juu kidogo ya maji na yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakingoja maji mengine. Asiyekuwa tayari kufanya hivyo apande kwenye udongo.

Sasa, upande nini? Picha za mitandaoni zinaonyesha nyanya na stroberi. Nyanya inataka jua la siku nzima na nguzo ya kuegemea, na mwisho inakupa tunda ambalo gengeni ni la bei ya chini. Saladi inawezekana, hasa Arusha, Mbeya, Iringa au Nairobi. Pwani wakati wa kaskazi inatoa maua mapema na kuwa chungu, na mbegu zake hugoma kuota joto likizidi nyuzi 30. Giligilani, au dhania kama wasemavyo Kenya, ina tabia hiyo hiyo ya kukimbilia maua, tena haipendi kuhamishwa, hivyo panda mbegu palepale itakapokulia.

Mimi ningeweka mbele majani ambayo miongozo ya kigeni haiyajui. Matembele, kwanza kabisa. Kipande cha shina la kiazi kitamu kikiwekwa majini kinatoa mizizi ndani ya siku chache, kinavumilia joto linaloua saladi, na kila ukichuma ncha kinatoa ncha mbili. Nderema inafuata: inapenda joto na inapanda nondo za dirisha yenyewe kama zilijengwa kwa ajili yake. Kitunguu majani hakitaki hata mbegu. Kata majani, rudisha mashina yenye mizizi kwenye maji. Halafu nanaa na mrehani, ambavyo vinaoteshwa kwa vikonyo vya fungu lililonunuliwa sokoni. Mchicha unaota, lakini dirisha lisilo na jua la moja kwa moja linaufanya mrefu, mwembamba na usio na ladha.

Taa zinaweza kusaidia mahali ambapo jua halifiki. Taa ya LED ya wati 20 ikiwaka saa 14 kwa siku inakula uniti 8 na ushee kwa mwezi. Kwa kichaka cha mrehani, hesabu inaweza kukubali. Kwa matembele haikubali hata kidogo.

Hapo ndipo swali la faida linapojibiwa. Dirisha la upana wa mita moja na nusu linabeba chupa kama 10. Chupa 10 za saladi kwa wiki sita ni pungufu ya vichwa viwili kwa wiki, karibu na bakuli lile la Riley. Familia inayokula mboga za majani kila siku haiwezi kulishwa na dirisha, na mama wa gengeni hana sababu ya kuogopa. Penye faida ni kwenye viungo vibichi, vile ambavyo supamaketi inauza kwa kipakiti kidogo na nusu yake inaozea kwenye friji. Vikonyo vitatu vya mrehani vilivyokatwa sasa hivi, mchuzi ukiwa jikoni, havina bei.

Wapo wanaosukumwa na hofu ya mboga za mjini, na hofu hiyo ina msingi. Mwaka 1999 Bahemuka na Mubofu walichapisha katika jarida la Food Chemistry vipimo vyao vya risasi, kadimiamu, shaba na zinki kwenye mboga zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi ya Dar es Salaam, na suala hilo halijaacha kuzungumzwa. Ila dirisha nalo lina kasoro yake: majani ya kijani yaliyolishwa mbolea nyingi kwenye mwanga hafifu hulimbikiza naitreti. Vuna jioni, baada ya majani kuona mwanga wa mchana, na siku mbili tatu kabla ya kuvuna yape maji matupu.

Wenye uwanja au kibaraza hawahitaji haya yote. Kibera, Nairobi, tangu mwaka 2008 wakazi wengi walifundishwa na shirika la Solidarités kupanda sukuma wiki kwenye magunia ya udongo, juu na ubavuni, na gunia moja linalisha kuliko dirisha zima la chupa. Chupa ni za yule ambaye udongo ni taabu kuupandisha ghorofa ya nne, ambaye maji yakidondoka yanachafua nguo za jirani wa chini, au ambaye mwenye nyumba hataki kusikia habari ya vyungu. Naye azifunge kwenye nondo kwa ndani: ndoo ya lita 10 ni kilo 10, na chini kuna watu wanapita.

Anayetaka kujaribu asinunue mtambo. Wikiendi hii anunue fungu la nanaa, alitumie kwenye chai, abakize vikonyo vinne, aondoe majani ya chini na kuvitia kwenye chupa iliyofungwa karatasi, mdomo umezibwa kwa sponji, kwenye dirisha la mashariki. Mizizi ikitoka, atie maji ya mbolea kwa nusu ya kipimo. Mwezi ukipita na mashina yamerefuka huku majani yakiachana mbalimbali, asiongeze mbolea. Dirisha hilo halina mwanga, ahamishe chupa.